Akili ni Nywele, Lakini Kinyozi ni Mmoja

Mwaka wa 2025, wiki ile watoto wa Gredi ya 9 walikuwa wanachagua pathway za sekondari pevu, dadangu mdogo alikuja nyumbani na karatasi kutoka shuleni. Ilikuwa na maswali ya kuweka tiki. Unapenda kuimba? Unapenda mafumbo? Ukiwa na shida, unaongea na watu ama unajifungia? Ukimaliza unajumlisha tiki zako na unaambiwa akili yako ni ya aina gani. Yake ilitoka muziki na kuelewa watu. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Sanaa. Hesabu asijisumbue sana.

Hiyo "asijisumbue sana" ndiyo imefanya nikae chini niandike haya. Niliambiwa kitu kama hicho nikiwa darasa la sita, enzi za 8-4-4, na wakati huo hakukuwa na karatasi ya tiki. Nilikuwa naandika insha nzuri, basi ikaamuliwa kwamba mimi ni mtoto wa lugha. Mwalimu wa hesabu akaacha kuniuliza maswali. Nilifurahi sana, mtoto gani hangefurahi? Bili ilikuja miaka kumi baadaye, chuo kikuu, kwenye somo la takwimu ambalo nililifanya mara mbili kabla ya kuondoka bila digrii. Sitasema ni takwimu ndizo zilinitoa. Karo pia ilikuwa na maneno yake. Lakini ninajua nilikaa kwenye ile lecture hall nikiamini kwamba vitu vile viliumbiwa watu wengine.

Ile karatasi ya dadangu ina ukoo. Ukiufuata nyuma unafika kwa kitabu kimoja, Frames of Mind, ambacho Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikichapisha mwaka wa 1983. Na si eti mwalimu aliokota mambo haya mtandaoni usiku mmoja. Mwongozo mkuu wa mtaala wa umilisi, uliotolewa na KICD mwaka wa 2017, unamtaja Gardner kwa jina, pamoja na Vygotsky, Piaget na Bruner, kama mmoja wa watu ambao CBC imesimama juu ya mabega yao. Kwa hivyo nilikitafuta kitabu nikakisoma. Nilikuwa nataka kujua ni wapi Gardner amesema mtoto wa muziki asijisumbue na hesabu.

Hajasema. Hakuna mahali.

Waswahili walishasema zamani kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Gardner alitumia zaidi ya kurasa 400 kusema kitu kinachokaribiana na hicho, ila methali yetu haijawahi kudai kwamba nywele ziko za aina saba. Yeye alizihesabu: akili ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya kuona umbo na nafasi, ya mwili, ya kuelewa watu wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Miaka ya 90 akaongeza ya nane, ile ya kusoma maumbile, mtu anayetofautisha mimea na ndege bila kubabaika. Kuna nyingine ya kuwaza mambo makubwa ya uhai na kifo, ambayo aliisimamisha mlangoni, haijaingia wala haijafukuzwa.

Alizipataje? Gardner alikuwa mtoto wa piano, na baadaye alifanya kazi na wagonjwa walioumia ubongo katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Boston. Huko unaona mtu aliyepoteza maneno lakini bado anaimba, na mwingine anaongea vizuri kabisa lakini hawezi kutafuta njia ya kurudi kitandani kwake. Ukiona hayo kila siku ni vigumu kuamini kwamba akili ni kitu kimoja kinachoweza kupimwa kwa namba moja. Na namba moja ndiyo ilikuwa inatawala. Mwaka wa 1904 Charles Spearman alionyesha kwamba watoto wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri mengine pia, akasema kuna akili moja ya jumla nyuma ya yote. Mwaka uliofuata, kule Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza kipimo cha kutambua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Kipimo hicho kilivuka bahari hadi Marekani kikageuka chekeche: huyu anapita, huyu anabaki juu. Ikumbuke hiyo safari ya Binet, nitairudia.

Kama kazi ya uandishi, kitabu ni kizuri kuliko nilivyotarajia kutoka kwa profesa. Kinaanza na msichana mdogo aliyekaa saa nzima na mtu wa kumpima akili, anaulizwa maswali, anatoka na namba yake. Halafu Gardner anatuomba tuwaze vijana wengine watatu. Mmoja ana miaka 12, anaishi Puluwat, kisiwa kidogo katika bahari ya Pasifiki, na wazee wamemteua ajifunze kuwa nahodha. Wa pili ana miaka 15, yuko Iran, amehifadhi Qur'ani yote na anaenda sasa kusoma chini ya ayatollah. Wa tatu ana miaka 14, yuko Paris, anatumia kompyuta kutunga muziki. Gardner anauliza: kile kipimo cha saa moja kingesema nini kuhusu hawa?

Ni swali zuri, na mtu wa Lamu ama Mombasa hahitaji kufafanuliwa yule wa pili. Anamjua. Ni mtoto wa jirani anayetoka chuoni na juzuu zake kichwani halafu anaenda shule kuambiwa ni wa nambari arobaini na tatu.

Lakini hebu wasome tena hao vijana watatu, polepole. Hakuna hata mmoja anayefanya kitu rahisi. Nahodha wa Puluwat anakariri nyota zinakochomoza na zinakozama, njia baada ya njia, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka anaweza kusafiri usiku bila ramani wala dira. Hiyo ni miaka ya kusumbuliwa na wazee. Hakuna mzee aliyempa karatasi ya kuweka tiki, "Je, unapenda nyota?" Kuhifadhi Qur'ani si mchezo, muulize yeyote aliyejaribu akakwama juzuu ya tatu. Na kila mmoja ana kitu ambacho Gardner anakipitia haraka lakini ndicho kinachobeba mfano mzima: kuna mtu anamfundisha, kwa muda mrefu, kitu kigumu, na jamii nzima inakithamini. Hata yule wa Paris ana mashine. Ondoa hao walimu, hizo mashine na hiyo miaka, akili zenyewe hutaziona.

Hapo ndipo sisi tumekisoma kitabu vibaya. Kwetu neno "kipaji" limekuja kumaanisha kitu ambacho mtoto anacho tayari, kwa hivyo hahitaji kufundishwa, na kinyume chake, kitu ambacho hana, kwa hivyo hakuna haja ya kumfundisha. Pande zote mbili mwalimu ametoka darasani. Gardner anawaza nahodha. Sisi tunawaza mtoto anayejua kucheza Amapiano kwenye harusi.

Sasa, nisije nikaonekana kama wakili wa profesa. Nadharia yake ina matobo, na ni makubwa. Lile jambo la Spearman halijaenda popote. Mwaka wa 2006, nchini Canada, Beth Visser na wenzake waliwapa watu wazima 200 majaribio mawili mawili kwa kila akili katika zile nane. Nyingi zilivutana: aliyefanya vizuri hapa alielekea kufanya vizuri pale. Zilizojitenga zaidi zilikuwa za mwili na muziki. Gardner alijibu kwamba majaribio ya namna hiyo yanategemea lugha na mantiki hata yanapojidai kupima kitu kingine. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini pia lina ujanja, kwa sababu ukisema kila kipimo ni kibovu, nadharia yako haiwezi kushindwa kamwe. Na yeye mwenyewe amekubali kwamba kama angeziita talanta badala ya akili, kitabu hakingepata umaarufu kilichopata. Mazee, hiyo ni kukiri kukubwa! Sehemu ya nguvu ya kitabu iko kwenye neno moja kwenye jalada.

Binafsi naona hivi: kama sayansi ya ubongo, kitabu hiki kimezeeka vibaya. Kama hoja dhidi ya dharau, bado kinasimama. Kuna watoto waliotoka shule zetu wakijiita wajinga kwa miaka, na mtu mmoja wa Harvard akawaambia walimu wao kwamba kuimba, kucheza na kusoma nyuso za watu pia ni kufikiri. Sitaki kuidharau hiyo. Lakini hoja dhidi ya dharau si mpango wa somo. Ukiishika kama mpango wa somo inakugeuka mkononi.

Angalia ilivyogeuka. Kwanza ikachanganywa na jambo lingine kabisa, lile la "mitindo ya kujifunza": mimi ni wa kuona, wewe ni wa kusikia, yule ni wa kushika. Utazikuta chati zake zimebandikwa ukutani kwenye shule nyingi tu. Gardner amezikana mara kadhaa, na mwaka wa 2008 kundi la wanasaikolojia wakiongozwa na Harold Pashler lilichambua tafiti zilizokuwepo likakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamfanya ajue zaidi. Pili, na hii ndiyo mbaya, Gardner anasimulia kwamba miaka ya 90 jimbo moja la Australia lilianzisha mradi uliotumia jina la nadharia yake, na ndani yake mlikuwa na orodha ya jamii mbalimbali na akili ambazo kila jamii inazo ama haina. Ilibidi aende kwenye televisheni huko huko kuukataa. Unaona safari ya Binet inavyojirudia? Kitu kinatengenezwa ili kumwokoa mtoto kutoka kwa chekeche, na kabla hujageuka kimekuwa chekeche kingine, ila hiki kina matundu ya maumbo tofauti.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba tungeweza kuanzia nyumbani. Kuna utafiti uliofanywa hapa Kenya, Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na ukachapishwa mwaka wa 2001. Waliouandika ni pamoja na Robert Sternberg na Elena Grigorenko wa Marekani, na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walichukua watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 na kuwapima ujuzi wa dawa za miti shamba: hii inatibu nini, unaitumia vipi. Huo si ujuzi wa mapambo. Kwa mtoto anayeishi na malaria na minyoo, ni ujuzi wa kila wiki. Kisha wakawapima mambo ya shule. Waliojua dawa zaidi walielekea kufanya vibaya zaidi kwenye msamiati wa shule.

Ukiisoma haraka utasema, ndiyo hiyo sasa, kuna akili ya miti na akili ya vitabu, kila mtoto na zake. Lakini watafiti walitoa maelezo mengine, na mimi nayaamini zaidi. Familia zilikuwa zinachagua. Nyumba iliyoona shule haitamfikisha mtoto popote iliwekeza kwa ujuzi wa kijijini, na nyumba iliyoamini shule haikuwa na muda wa kumpeleka mtoto porini kujua majani. Kwa hivyo tofauti ambayo ungeiita ya kuzaliwa ilitokana na muda wa mtoto ulivyotumika na nani aliamua. Ndiyo maana sipendi karatasi za tiki. Zinapima mahali mtoto amepelekwa tayari, halafu zinamwambia huko ndiko kwao.

Katika kazi nyingine ya mwaka huo huo, kundi hilo liliuliza watu wa kijiji wenyewe wana maneno gani ya akili. Yakatoka manne ya Kijaluo: rieko, ambayo inakaribiana na maarifa na ujuzi, luoro, yaani heshima, winjo, kusikia na kuelewa, na paro, kuwaza na kuanzisha jambo. Shule ilishughulika na moja tu, rieko. Sasa linganisha na orodha ya Gardner. Yake ni ya mtu mmoja mmoja na kile anachoweza kufanya. Ya Usenge ina heshima ndani yake, kama sehemu ya akili, kwamba mtu mwerevu asiyeheshimu watu bado hajakamilika kichwani. Unaweza kubishana nayo. Mimi mwenyewe ningebishana, nimeona luoro ikitumika kunyamazisha wasichana wenye maswali. Lakini mbona mwongozo wa mtaala wetu ukatafuta mabega ya kusimamia mbali hivyo, na haya yako Siaya?

Turudi kwa pathway. Kuna tatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Serikali ilishasema inakusudia asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Niambie, kama kweli tunafuata akili za watoto, namba hizo zilijulikanaje kabla watoto hawajaulizwa? Hizo ni hesabu za soko la kazi, na si dhambi nchi kuwa nazo. Dhambi ni kuzivalisha nguo za Gardner na kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba ni yeye amejigundua.

Na hesabu zenyewe: mpango wa kwanza ulikuwa kwamba nje ya STEM hesabu isiwe ya lazima. Watu wakapiga kelele, na Aprili 2025 Wizara ikarudi nyuma. Hesabu ikawa ya kila mtu, lakini za aina mbili, nzito kwa STEM na nyepesi kwa wengine. Nilifurahia ile kelele. Sina uhakika nilifurahia jibu. "Nyepesi" ni "asijisumbue sana" iliyopigwa muhuri.

Gardner mwenyewe, akiulizwa na walimu wafanye nini, amekuwa akisema mambo mawili: mjue kila mtoto kadiri unavyoweza, na fundisha jambo muhimu kwa njia nyingi. Hilo la kwanza, kwa mwalimu wa darasa la watoto 60 na zaidi, ni karibu matusi. La pili linawezekana. Na zingatia anachosema: ni jambo lile lile, watoto wale wale, njia nyingi. Hajasema njia moja moja kwa kila kikundi.

Nilishawahi kuliona, kabla hata sijajua Gardner ni nani. Darasa la nne tulikuwa na mwalimu wa sehemu, zile za juu na chini, ambaye alikata chapati siku ya kwanza, na bila shaka hiyo ndiyo siku kila mtu alihudhuria. Siku ya pili akakunja karatasi. Siku ya tatu akagawa darasa pande mbili, huku wapige dawati mara mbili na kule mara tatu kwa muda ule ule, halafu akauliza ni baada ya mapigo mangapi ya mwalimu mtakutana tena. Ilikuwa kelele tupu. Mwalimu mkuu alikuja dirishani. Lakini wote tulipiga, wote tulikula chapati, na wote tulifanya zoezi la kuandika mwishoni, pamoja na wale ambao hawakuwa na mdundo hata kidogo. Hakuna aliyeambiwa wewe ni wa chapati.

Mwaka huo nilipata hesabu. Naitaja kwa sababu ni miaka miwili tu kabla ya kuambiwa mimi ni wa lugha.

Dadangu ana programu ya bure kwenye simu ya mathe ya kutengeneza biti. Jioni moja alitaka mwangwi wa sauti yake uangukie sawasawa kwenye mapigo, na programu ilikuwa inamuuliza muda kwa milisekunde. Wimbo wake ulikuwa wa mapigo 90 kwa dakika. Akaniuliza mimi, na mimi nikajifanya niko bize kwa sababu nilihitaji kufikiri. Akachoka kungoja. Akaandika 60 juu, 90 chini, akakata, akapata theluthi mbili ya sekunde, kisha akaanza kugawanya kwa mkono mpaka akapata 666 na kitu. Akaiweka. Ikakaa. Hakuniangalia hata, alikuwa tayari ameendelea na kitu kingine.

Kwenye fomu alichagua Sanaa na Michezo. Nilijaribu kumwambia hata STEM angeiweza, akaniambia anajua, lakini anataka muziki. Sawa. Hiyo ni sababu bora kuliko karatasi. Shida ni kwamba kila shule imetakiwa iwe na STEM na angalau pathway moja nyingine, na shule ya kutwa iliyo karibu nasi, ile ya kutembea kwa miguu, ya pili yake ni Sayansi za Jamii. Tuliyoipata yenye muziki ni ya bweni, kaunti nyingine. Mathe ameangalia karo yake kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili amezima skrini bila kusema kitu.